Wasifu wa Mzee Sosthenes

Kufika Ijumaa saa nne asubuhi, Ubaruku nzima ilikuwa imeshamhukumu Aroni, imebaki mahakama tu. Wauza maandazi walikuwa na kisa kamili, wanawake wanaopepeta chenga walikuwa nacho, na wapiga debe wa Chimala, ambao hata mzee hawakuwahi kumwona, walikuwa nacho kuliko wote. Mzee Sosthenes, mwenye mashine ya kukobolea mpunga, kakutwa Alhamisi jioni nyuma ya mashine yake, kalala kifudifudi kwenye lundo la pumba, kichwa kimepasuliwa kwa kitu cha chuma. Na Jumanne iliyotangulia, mbele ya wateja wote, mfanyabiashara wa mchele kutoka Rwanda aitwaye Aroni alikuwa amemnyooshea kidole na kumfokea kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, mpaka mate yakamruka. Jumanne kelele, Alhamisi maiti, Ijumaa alfajiri Aroni kakamatwa stendi ya Chimala na begi mkononi. Unataka nini tena?

Sajenti Naima alitaka kitu, tatizo lake hakujua ni kitu gani. Alikuwa mpelelezi, mtoto wa Mbeya mjini, kakulia kwenye nyumba ya bibi iliyojaa wapangaji, wajukuu na wageni wasiotaja siku ya kuondoka. Kwa malezi hayo alijifunza jambo moja ambalo chuo cha polisi hakikumfundisha: kisa kinachosimuliwa na watu wote kwa maneno yaleyale, mmoja kakitunga na wengine wamemeza. Akikaa kwenye kiti dakika tano, goti linacheza. Siku ile yalicheza yote mawili.

Alikuwa amemhoji Aroni tangu asubuhi. Jamaa wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, anayeongea Kiswahili cha madereva wa masafa.

"Dada afande," alisema, "yule si Sosthenes wa Kasulu. Yule alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu. Mwaka tisini na nne, kwenye mauaji, watoto tulikimbilia shuleni. Yeye ndiye aliyetutoa darasani kwa mistari, hawa huku, hawa kule. Mimi nilipita dirishani. Wadogo zangu wawili walibaki."

"Kwa hiyo ukalipiza."

Aroni alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mkubwa wake. "Miaka thelathini natafuta mtu mmoja wa kuniambia waliwafukia wapi. Mmoja tu, afande. Nampata Jumanne, halafu Alhamisi nimuue? Wewe mtu kakushikia ufunguo wa nyumba yako, utampiga chuma kabla hajautoa mfukoni?"

"Na Chimala ulifuata nini?"

"Kumpokea ndugu. Alikuwa njiani, aje amtazame na yeye kwa macho yake."

"Yuko wapi huyo ndugu?"

"Amesikia nimekamatwa na polisi. Wewe ungekuja?"

Naima aliyapeleka maelezo hayo kwa bosi wake, afande Selemani. Alikuwa mtu mzima mwenye busara zake, ila alikuwa na maiti moja, mtuhumiwa mmoja na simu kumi na moja kutoka juu.

"Sajenti, mtu ana sababu, ana hasira, ana begi. Jumatatu asubuhi anasomewa shitaka la mauaji. Halina dhamana hilo, unalijua. Akishaingia humo, kutoka ni miaka."

"Ndiyo maana nasema tusiingize mtu asiyehusika, afande."

"Basi una Jumamosi na Jumapili. Ukirudi mikono mitupu, faili linakwenda. Na hayo ya Rwanda usiyatoe nje ya chumba hiki, watu wasije wakawachoma moto wageni huko mashambani."

Kwa hiyo siri ya ualimu ilibaki kwa watu watatu: Aroni, Naima na Selemani.

*

Mzee Sosthenes alizikwa ukweni. Hilo peke yake lilikuwa gumzo, maana mwanamume anazikwa kwao, lakini kwao huko Kasulu alikosema ametoka hakuna aliyewahi kukufika, wala hakuna aliyepokea simu. Severina, mjane wake, akaamua: anakwenda Nyololo, kwa wazazi wangu, mimi siwezi kumtupa.

Naima aliingia Nyololo Jumamosi saa mbili asubuhi. Ilikuwa Juni, ukungu wa Mufindi umekaa juu ya mabati kama hauna nyumba nyingine, baridi inapita kwenye kanga moja ikaingia ya pili. Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume wanaota moto, na nyuma ya nyumba wanawake zaidi ya ishirini wamezunguka magunia ya viazi. Naima hakutoa kitambulisho. Alivua viatu vya kazini, akavaa ndala, akachukua kisu.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi na ushungi wako mzuri?"

"Ubaruku, mama. Nilikuwa namfahamu marehemu." Haikuwa uongo. Alimfahamu akiwa marehemu.

Aliyemkaribisha aliitwa Eveline, jirani, mama mnene mwenye mablanketi mawili na mdomo usio na mlango. Ndani ya nusu saa Naima alijua nani kaja na gari la nani, nani hakuja na kwa nini, na nani amekula nyama ya kamati jana wakati kamati haijala.

"Na marehemu mwenyewe?" Naima alichomekea. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole! Mpole mpaka unamwonea huruma," alisema Eveline. "Kosa lake moja, kalamu. Hajui a wala be. Severina ndiye alikuwa anamsomea kila kitu, hata meseji. Akitakiwa kusaini, dole gumba. Ukimcheka, anacheka na yeye."

Mkono wa Naima ulisimama juu ya kiazi. Dole gumba lilikuwepo kwenye faili kweli, kwenye leseni ya biashara. Mwalimu wa darasa la tatu anaweka dole gumba! Mtu anayejificha anaweza kubadili jina, kabila, hata mwendo. Huyu alikuwa amekwenda mbali zaidi: alijifuta kalamu.

"Na pale anayeandikaandika ni nani?" aliuliza, akimwonyesha kwa kidevu mzee mrefu mwenye koti jeusi, aliyekuwa peke yake kwenye meza ndogo chini ya turubai, kainamisha kichwa juu ya karatasi.

"Huyo kaka yake Severina. Mwalimu Clement. Kastaafu, lakini kazi hii hatujamstaafisha. Wasifu wa kila maiti wa ukoo huu anauandika yeye."

"Ooh," alidakia mwanamke wa pembeni, "na uombe Mungu usiwe na mambo yako! Alivyokufa mjomba Kalinga, kaandika: 'Marehemu alikuwa na wake wawili, na wa tatu ambaye ukoo haukumtambua.' Padre alikohoa mpaka akaletewa maji!"

Wanawake waliangua kicheko, kisha wakakumbuka walipo wakaziba midomo kwa kanga.

"Si tulimwambia, mwalimu, si ungeruka tu?" Eveline aliendelea kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika hadi barabara kuu. "Kasema hapana. Kusema, mtu anaweza kusema lolote, maneno ni upepo. Lakini karatasi anayosomewa maiti, Mungu naye anaisikiliza. Haandiki uongo, yule. Hata shule walimshindwa, alikuwa anaandika ripoti za watoto mpaka wazazi wanalia."

Naima alimaliza beseni lake, akanawa, akaenda kumpa pole mwalimu. Safari hii alijitambulisha, taratibu, ili wengine wasisikie.

"Shikamoo, mwalimu. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Alikuwa na sauti ya kufundishia, kavu na safi. Aliposikia neno polisi alifunika kalamu yake kwa kifuniko, polepole.

"Ubaruku ulikwenda lini mara ya mwisho, baba?"

"Pasaka. Nilikula nao Pasaka."

"Baada ya hapo hukwenda?"

"Baada ya hapo, mwanangu, miguu haina ruhusa tena ya kutembea ovyo."

Naima aliitikia, akashukuru. Hakuandika chochote, mtu haandikishwi maelezo mbele ya jeneza la shemeji yake. Simu ilitetema mfukoni. Afande Selemani: *Vipi?* Hakujibu. Alizunguka nyumba mara mbili bila kazi, akarudi kwenye viazi.

*

Misa ilianza saa saba. Kwao Naima, mtu akifa asubuhi, alasiri yuko chini, na hakuna anayesimama kueleza alisoma shule gani. Kwa hiyo msemaji wa familia alipotangaza kwamba sasa utasomwa wasifu wa marehemu, na watu wote wakapata nafasi ya kukohoa, kubadilisha mguu na kusinzia kidogo, yeye peke yake alikaa wima kusikiliza.

Aliyesoma alikuwa Matilda, binti mkubwa wa marehemu, kasimama kwenye kipaza sauti na karatasi ya mjomba wake.

"Marehemu alizaliwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nane. Alibatizwa na kupata kipaimara. Baada ya elimu ya msingi na sekondari, alijiunga na mafunzo ya ualimu, akafundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na mmoja, hadi mwaka..." Sauti ya binti ilikwama. Alitazama karatasi upya kana kwamba imebadilishwa mkononi mwake. "...hadi mwaka tisini na nne. Mwaka tisini na sita alifunga ndoa na Severina, wakajaliwa watoto wanne..."

"Mwalimu?" Eveline alimpiga Naima kiwiko cha mbavu. "Mwalimu wa nini, wa dole gumba?"

"Kaka mtu kampamba shemeji yake," alisema mwanamke wa nyuma.

"Clement hapambi!"

"Basi kazeeka."

Yakaishia hapo. Wasifu ukaendelea na wajukuu, kisha wimbo, kisha foleni ya maua. Mjane, mbele kule, alikuwa amegeuka kumtazama kaka yake kwa jicho la kuuliza, halafu kilio kikamchukua, akasahau.

Naima hakusahau. Goti lilikuwa halichezi tena, limekufa ganzi. Alijipangia mambo kama anavyopanga vyombo. Aroni alifoka kwa Kinyarwanda, hakuna aliyeelewa. Kituoni wanaojua ni wawili. Mke hajui, binti kasoma karatasi akashtuka. Basi Mwalimu Clement siri ya ualimu kaipata wapi? Kwa mwenye nayo. Na mwenye nayo alikaa nayo miaka thelathini asimwambie hata mke anayelala naye, kwa hiyo hakuifungua mdomoni mpaka Aroni alipomtia hofu Jumanne. Alhamisi kafa. Katikati hapo ndipo walipokaa shemeji hawa wawili. Na mwalimu anasema miguu haina ruhusa tangu Pasaka.

Mzee huyu angeweza kuruka mstari mmoja tu. Mtu yeyote angeuruka. Nyololo nzima isingegundua. Yeye hakuweza.

*

Alingoja mpaka udongo umekwisha na msalaba na mashada vimewekwa. Clement alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mianzi, kasimama tu, mikono kwenye koti. Naima alikuja na ubao wake wa kuandikia na karatasi za maelezo.

"Baba, nahitaji maelezo yako. Kwa kawaida mimi nauliza na mimi naandika. Lakini wewe ni mwalimu, una haki ya kuandika mwenyewe. Nakuonya kwa mujibu wa sheria, hulazimiki kusema lolote, na utakaloandika laweza kutumika mahakamani." Akamnyooshea kalamu. "Anza na Pasaka. Andika kwamba baada ya Pasaka hukwenda Ubaruku."

Clement aliipokea kalamu, akaweka karatasi kwenye ubao, akaandika jina lake lote, umri, kijiji, dini. Mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama kama wanafunzi. Akaandika, *Baada ya Pasaka*. Kalamu ikasimama. Ukungu ulikuwa umeanza kurudi kwenye mianzi. Upande wa pili wa nyumba masufuria yaligongana, watu wanagawiwa chakula.

"Una akili wewe," alisema hatimaye. "Ulifundishwa na nani?"

"Na bibi yangu, baba. Nyumba yake ilikuwa na watu wengi."

Mzee alikaa juu ya gogo. Alipoanza kuongea hakumtazama.

"Mwaka tisini na tano alikuja hapa na malori, hana kitu. Serikali ya kijiji ikataka mtu wa kumdhamini. Mimi nikaandika barua: namfahamu, ni Mha wa Kasulu. Nilikuwa simfahamu, binti. Nilimwamini tu, nikaandika namfahamu. Kwa barua ile akapewa kiwanja, kwa barua ile nikampa dada yangu. Uongo wangu pekee kwenye karatasi." Alimeza mate. "Jumatano akanipigia. Shemeji, njoo, kuna mtu ananifananisha, uniandikie tena. Alhamisi nikaenda. Nikamwambia, safari hii nieleze kwanza. Tulikuwa nyuma ya mashine, kelele ile, hakuna anayesikia. Akaeleza."

"Alilia?"

"Angelia, yule mtu angekuwa hai." Vidole vya Clement vilizunguka kalamu. "Alieleza kama mtu anayekuelekeza dukani. Kwamba wale watu walikuja na mapanga, hawajui watoto wa nani ni wa nani. Yeye ndiye mwenye daftari la mahudhurio, lenye kabila la kila mtoto. Akalifungua, akaita. Akaniambia, 'Shemeji, wewe ni mwalimu, unajua. Ukiita, mtoto anaitika tu.'"

Naima alichuchumaa mbele yake.

"Miaka thelathini na nane nimeita mahudhurio," Clement alisema. "Najua wanavyoitika. Kuna wanaopiga kelele ili uwapende. Kulikuwa na koleo pale, la kuzolea pumba. Nililishika kabla sijajua nimelishika."

"Liko wapi sasa?"

"Ndani ya pumba hizohizo, chini, upande wa mfereji. Kachimbe."

Naima alinyanyuka. "Na Aroni je? Jana na leo mtu yuko mahabusu kwa ajili yako. Mtoto aliyepita dirishani, mwalimu. Ulimjua ni yeye?"

"Nilijua." Sasa alimtazama. "Nilijiambia, nimzike kwanza mume wa dada yangu. Jumatatu nitakuja."

"Ungekuja?"

Mwalimu alilifikiria kwa uaminifu, kama swali la mtihani. "Sijui," alisema.

Kisha akainama, akafuta *Baada ya Pasaka* kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi pembeni ya kosa, akaandika kurasa tatu bila kusimama. Zilipokwisha Naima alizisoma, akaona hakuna alichoacha.

"Kuna jambo jingine," alisema Naima. "Yule kijana hakuja kuua. Alikuja kuuliza waliwafukia wapi. Aliyejua umemzika leo. Alikwambia?"

Clement alifumba macho. Akaomba karatasi ya nne.

Walipopita mbele ya nyumba kuelekea kwenye gari, Severina alinyanyuka kwenye mkeka, kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba. "Kaka! Unakwenda wapi na wageni hawajala?"

Hapo ndipo sauti ya kufundishia ilipomkatikia mzee. Alimgeukia Naima, kama anamwomba ajibu yeye, lakini Naima alitazama chini, kwani neno hilo halikuwa lake. Wanawake wa viazi walianza kusimama mmoja mmoja. Clement alimshika dada yake mabega, akamwambia sikioni maneno machache, kwa Kihehe. Kilio alichotoa Severina hakikuwa kile cha makaburini. Kile cha makaburini kilikuwa na maneno.

*

Jumapili saa tatu asubuhi, baada ya koleo kuchimbuliwa na afande Selemani kusoma kurasa tatu mara mbili huku anajikuna shingo, Aroni alitolewa mahabusu. Alirudishiwa mkanda, simu na begi. Naima alimpa nakala ya karatasi ya nne, akasimama pembeni, goti limeanza tena.

Aroni alisoma akiwa wima kaunta. *Nyuma ya shule, shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo kipya, kati ya ukuta na njia ya kisimani. Baadaye walipanda migomba juu yake.*

"Njia ya kisimani," alisema. "Tulikuwa tunapita hapo kila siku. Mimi nimerudi pale mara tatu, afande. Nimekula ndizi za hapo."

Aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Naima alimwambia kuna gari la Chimala linaondoka sasa hivi, angewahi basi la kwenda Dodoma.

Hakwenda kwenye gari. Alikaa kwenye benchi la mbao, begi miguuni.

"Ndugu yangu, uko huru."

"Nimesikia." Alitazama mlango wa chumba cha pili cha mahabusu, ambako mzee alikuwa ameingizwa usiku. "Yule mwalimu ameandika mahali. Hakuandika majina. Nataka kumuuliza kama aliambiwa walivyoitwa, nani alianza, nani alifuata. Wadogo zangu waliitika au walinyamaza."

"Hairuhusiwi kuonana na mtuhumiwa."

"Basi kamuulize wewe."

Gari la Chimala lilipiga honi mara mbili, likaondoka. Naima alichukua ubao wake na karatasi moja nyeupe, akaenda kugonga mlango.